Maiki ipi ya kuanzia podikasti hapa Mwanza

Anayetaka kuanzisha podikasti huniuliza kwanza: ninunue maiki gani? Nami humuuliza: utarekodia wapi? Chumba chako kina mabati bila dari? Kiko kando ya barabara ambako bodaboda hazilali? Au utashuka Mwaloni Kirumba kuzungumza na wauza dagaa huku upepo wa ziwa ukivuma? Ukishajibu hayo, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Maiki yangu ya kwanza ilikuwa ya kondensa, ile ya kusimama mezani inayopendeza kwenye picha. Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeshika, nilimkaribisha nyumbani Igogo mama mmoja anayeanika dagaa. Alinieleza kazi yake kwa saa nzima, tangu mtumbwi unapofika mpaka gunia linapopanda lori. Jioni nikasikiliza: mvua juu ya bati, jogoo wa jirani, mwangwi wa kuta tupu, na mama mwenyewe kama yuko chumba cha pili. Mazungumzo yale sikuweza kuyarusha, na hadi leo yananiuma.

Maiki haikuwa mbovu. Kondensa hunasa hata sauti ndogo ya mbali, ndiyo maana inafaa studio iliyozibwa vizuri. Maiki ya dainamiki ni nzito wa kusikia: hutaka mdomo uwe karibu, kiasi cha upana wa ngumi, na yaliyo mbali huyachukua kidogo tu. Kwa nyumba zetu nyingi, uzito huo wa kusikia ndio unaoutafuta.

Kwa hiyo ya kwanza kwenye orodha yangu ni dainamiki yenye njia mbili, USB na XLR, ule waya wa pini tatu wa mashine za sauti. Samson Q2U ni mfano mzuri. Unaichomeka kwenye laptopu kwa waya wa USB, unachomeka hedifoni kwenye maiki yenyewe, unajisikia papo hapo unavyorekodi. Umeme ukikatika, laptopu yenye chaji inaendelea na maiki nayo inaendelea. Siku ukikua na kununua mashine ya kuunganishia maiki kadhaa, unahamia XLR na maiki ileile. Hutupi kitu. Kwa mtu mmoja anayeanza, au duka la vipuri linalotaka kuwaeleza wateja mambo ya injini kila wiki, sioni sababu ya kupita hapo.

Kama mfuko hauruhusu, ya pili ni maiki ndogo ya waya ya kubana kwenye kola, ukirekodi kwa simu. BOYA BY-M1 wengi wanaijua. Waya wake una urefu wa mita 6, kwa hiyo mgeni anakaa anapopenda. Ile yenye kibetri ina swichi ya kuchagua simu au kamera. Ukiisahau upande wa kamera, unaweza kurudi nyumbani na rekodi isiyofaa. Tazama pia simu yako: kama haina tundu la hedifoni utahitaji adapta ya taipu C, na si kila adapta inapitisha sauti ya maiki. Nenda dukani na simu hiyohiyo, jaribu palepale. Upande wa mwaloni, funika maiki kwa sponji, ikiwezekana na manyoya juu yake, maana upepo wa ziwa ukipiga maiki tupu unatoa ngurumo ambayo hakuna programu itakayoiondoa yote.

Nafasi ya tatu naipa mifumo isiyo na waya, kama Rode Wireless GO II yenye vitumaji viwili na kipokezi kimoja. Ni mizuri kwa anayetembea, mathalani mwongoza watalii anayerekodi akizunguka mawe ya Bismarck. Ila unalipia uhuru wa kutembea. Kama mnakaa kwenye viti, hela hiyo inafanya kazi zaidi kwingine. Zile za bei ya chini zisizo na jina nimezijaribu kadhaa. Zinapunguza kelele kwa nguvu hadi sauti inakuwa ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye ndoo.

Kwa biashara au taasisi itakayoleta wageni wawili kila mara, ruka yote hayo. Nunua dainamiki mbili za XLR na intafesi, yaani ile mashine ya kuunganishia maiki kwenye kompyuta. Shure SM58, iliyopo sokoni tangu 1966, inavumilia kudondoka na vumbi, na Behringer XM8500 inakaribiana nayo kwa kazi ya kuongea tu, kwa bei ndogo sana. Kwenye intafesi angalia matundu: Focusrite Scarlett Solo ina tundu moja tu la maiki, 2i2 ina mawili. Nimeona ofisi ikinunua maiki mbili na Solo moja, wageni wakabaki kupokezana.

Kondensa naiweka mwisho. Inunue ukiwa na chumba chenye dari, mapazia mazito, zulia na godoro ukutani.

SM58 hughushiwa sana. Ya kweli ina uzito wa karibu gramu 300; ikikaa mkononi nyepesi kama kopo, irudishe. Na maiki yoyote ile, kabla ya kulipa, simama nayo mlangoni mwa duka daladala zikipita. Ongea nusu dakika maiki ikiwa ngumi moja kutoka mdomoni, nyamaza nusu dakika, kisha ongea tena ukiwa umerudi nyuma hatua moja. Sikiliza kwa hedifoni zako mwenyewe. Ule ukimya wa katikati ndio utakaokuonyesha jinsi kipindi chako kitakavyosikika. Muuzaji akikataa usijaribu, nenda duka linalofuata. Akikubali na ukaridhika, dai risiti ya EFD na muulize una siku ngapi za kuirudisha, kabla hujamkabidhi hela.