Hifadhi ya Arusha kwa kitimwendo: gari gani ukodi, nini uulize kwanza

Naandika hii kwa wenzangu wa Arusha na Moshi mnaotumia kitimwendo au magongo na mnajiuliza kama mtu anaweza kwenda hifadhini bila kushinda anabebwa kama gunia. Inawezekana. Mimi sina nguvu kuanzia kiunoni kwenda chini tangu ajali ya bodaboda, na Hifadhi ya Taifa ya Arusha nimeiingia kwa magari ya aina mbili, kwa hiyo naweza kulinganisha.

Kibali ndicho kilichonisumbua kidogo kuliko vyote. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, anaonyesha kitambulisho cha NIDA, na malipo yanapita kwa simu au kadi, siyo kwa noti mkononi. Gari nalo lina ada yake. Pale lango la Ngongongare sikulazimika kushuka: mhifadhi alikuja dirishani, akaangalia vitambulisho, akatutakia safari njema. Kazi iko mjini, kabla hujatoka, unapotafuta gari.

Kampuni niliyoanza nayo siitaji. Kwenye simu niliwaeleza hali yangu yote, wakanijibu, "Hakuna shida kaka, tumezoea." Ukijibiwa hivyo, usikate simu. Uliza wamezoea nini. Asubuhi likaja Land Cruiser lile refu la watalii, la paa linalonyanyuka, viti vyote vimo, hakuna ubao wa kuhamia (ule unaotelezea kutoka kitimwendo hadi kiti cha gari), hakuna hata kigoda. Sakafu yake ilikuwa usawa wa kifua changu nikiwa nimekaa kwenye kiti. Mwenye miguu anakanyaga kile chuma cha mlangoni, anajivuta, yumo ndani. Mimi lazima ninyanyuliwe. Halafu nikaambiwa kitimwendo changu, ambacho kikikunjwa kinaingia nyuma kando ya tairi la akiba, kinalipiwa kama abiria. Nililipa, ila nikataka risiti iandikwe hivyohivyo: nauli ya kitimwendo. Ninayo mpaka leo. Nikaitazama na fomu yao ya kuhifadhi nafasi: kuna sehemu ya kujaza kwa asiyekula nyama, ya asiyetembea hakuna.

Aliyeiokoa siku ile ni dereva. Watu wengi wakiona kiti wanakuvamia, huyu anavuta mkono, yule anavuta suruali. Yeye alizima gari, akaja mbele yangu, akaniuliza, "Kaka, nikushike wapi?" Nikamwelekeza. Nikakunja mikono kifuani, yeye akapanda garini nyuma yangu, akapitisha yake chini ya makwapa na kunishika vifundo vya mikono. Mdogo wangu akabeba chini ya magoti. Tukahesabu pamoja, moja, mbili, tatu. Nikawa kitini bila kukwaruzwa. Kushuka ni hivyohivyo kwa kurudi nyuma, na hapo ndipo watu huwa na haraka. Waambieni wasiwe nayo.

Lile paa la kunyanyuka, ambalo ndilo linalofanya gari hilo liwe ghali, halimsaidii asiyesimama. Unachotazamia ni dirisha, na fremu ya vioo vya kusukuma inapita palepale machoni. Tulijaribu kunipandisha kwa blanketi lililokunjwa juu ya mto wangu, nikaanza kuyumba, tukalitoa. Mto wako wa kuzuia vidonda njoo nao na uukalie wenyewe tu; viti vya magari haya havikutengenezwa kwa mtu asiyeweza kujigeuza, na vidonda vya mgandamizo vinaanza bila wewe kuvisikia. Mdogo wangu alikuwa ananiinua kidogo kila tuliposimama. Na kuna ule utani wa madereva kwamba barabara ya mashimo ni masaji ya bure. Kama misuli ya tumbo haikushikilii, siyo masaji. Dada alitoa kanga yake, tukanifunga kifuani na mgongo wa kiti, juu ya mkanda wa kawaida, na baada ya hapo nilitulia.

Chakula cha mchana ndicho kilichonitia hasira. Kampuni ilikuwa imechagua mgahawa njiani, ikaniapia choo kinapitika. Kulikuwa na ngazi mbili, na mlango unafungukia ndani, yaani hata ukipandishwa, kiti kikiingia mlango haufungi. Nilitumia chupa yangu garini. Beba chupa. Hakuna aibu.

Hifadhini kwenyewe sasa. Ukiingia tu unapokelewa na Serengeti Ndogo, uwanda wa majani wenye twiga, pundamilia, nyati na ngiri, na hapo kila mtu yuko garini, kwa hiyo hakuna anayekupita kwa lolote. Kreta ya Ngurdoto niliipenda zaidi. Hakuna mgeni anayeruhusiwa kushuka chini. Mwenye miguu na asiye nayo wote mnatazama kutoka ukingoni. Njiani kuna msitu wenye mbega, wale weusi wenye mkia mweupe mrefu, na kwa kuwa wanakaa juu mitini, dirisha la gari linatosha ukilaza kichwa. Kule kwenye maziwa ya Momella, yenye maji ya magadi, barabara inapita karibu kiasi cha kuona heroe wakichuja chakula vichwa chini. Simba usimtarajie hapa. Anayetaka simba aende Tarangire au Ngorongoro, na ajiandae kwa saa nyingi zaidi za kukaa.

Dereva wetu kabla ya utalii wa picha alikuwa kwenye kitalu cha uwindaji, nikamuuliza mtu kama mimi angewinda vipi. Akacheka kwanza. Huko, alisema, gari linakufikisha tu, mnyama unamfuata kwa miguu. Na ndivyo sheria ilivyo: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kutumia gari kuwindia, na ina sababu nzuri, mnyama asifukuzwe na injini. Marekani, majimbo kama Michigan na Wisconsin yana kibali maalumu kinachomruhusu mwenye ulemavu wa viungo kufyatua akiwa ndani ya gari lililosimama. Mimi bunduki siitaki. Nilichokipenda ni kwamba kuna mtu aliyekaa ofisini akaandika kibali akimfikiria asiyetembea. Sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inayodai huduma za umma zifikike, lakini kwenye biashara ya magari ya utalii bado unategemea bahati ya kupata dereva anayejua kuuliza.

Mara nyingine nilikodi Noah ya jirani, zilezile zinazobeba abiria mjini, na hapa ndipo nina ushauri wa kweli. Sakafu iko chini, mlango ni wa kusukuma na ni mpana, kiti cha gari kinalingana na kitimwendo. Nilihama mwenyewe kwa ubao, dereva ameshika kiti tu kisirudi nyuma. Bei yake ilikuwa chini sana ya ile ya kampuni, na kiti changu hakikulipa nauli. Ila ukiwa chini hivyo, majani yakiwa marefu unaona masikio ya ngiri na basi, na mvua ikinyesha usithubutu kuipeleka kwenye miteremko ya Ngurdoto. Kwa Serengeti Ndogo na Momella wakati wa kiangazi, Noah inatosha kabisa.

Ukitaka Ngurdoto kwa raha, kodi Land Cruiser lakini sharti kiti kimoja cha kati kitolewe siku moja kabla, na omba picha ya gari likiwa limeshatolewa kiti, siyo ahadi. Muulize dereva mwenyewe, siyo mpokea simu, kama amewahi kumnyanyua mtu. Mimi sasa nampigia moja kwa moja yule wa "nikushike wapi". Ameacha kazi kule, anaendesha gari la shemeji yake, na kigoda amechonga.