Ndege wa kupiga mbawa: gia imeisha meno, na jibu nililopewa dukani

Nianze na lile jibu, maana gia nimeshaisamehe kidogo.

Nimeingia dukani, nimesalimia vizuri, nimemtoa ndege wangu wa mashine kwenye mfuko na kuiweka ile gia nyeupe juu ya kaunta. Nikaomba nyingine, kwa kulipa, sikuomba bure. Kijana akaitazama, akamgeukia mwenzake: "Mzee anatafuta spea ya ndege." Wakacheka wote. Kisha kwangu: "Mzee wangu, hiyo ni midoli. Wajukuu wakivunja unawanunulia nyingine."

Sina wajukuu. Mwanangu mkubwa yuko kidato cha pili.

Basi nyota moja, na hiyo moja ni ya boksi.

Kwa wasiowajua, hawa ni ndege unaowaunda mwenyewe, wanaoruka kwa kupiga mbawa, hawana pangaboi. Nimemuunda mezani sebuleni jioni mbili, mke wangu akipitisha chai juu ya vijiti vya kaboni na kuguna. Kuunda kwenyewe ni raha, hilo sitawadhulumu. Bawa mbele lina kijiti kigumu, nyuma ni utando mwembamba uliolegea, basi. Likishuka, ukingo wa nyuma unachelewa, bawa linajipinda, hewa inasukumwa nyuma na ndege anakwenda mbele. Nenda mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, umwangalie yangeyange akiondoka kwenye mtumbwi, utauona mpindo huohuo. Nimeishi na hao ndege miaka yote na sikuwahi kuuona mpaka nilipounda huyu.

Tatizo ni gia. Mota inazunguka mbio kupita kiasi, mbawa zinataka mapigo machache tu kwa sekunde, kwa hiyo mzigo wote uko kwenye gia. Na si mzigo wa kutulia: kila mbawa zikishuka hewa inazikataa, na anayepokea kipigo ni jino la plastiki. Safari ya tatu nikasikia krrrr. Kufungua, meno matatu yamelala kama ya kitana cha zamani.

Msiniambie teknolojia bado changa. Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege wa namna hii mwaka 1874, kwa mpira wa kusokota tu. Mwaka 2011 kampuni ya Festo ya Ujerumani ikaonyesha shakwe wa mashine mwenye mbawa za karibu mita 2, uzito haufiki nusu kilo, na anaruka kweli. Halafu mimi mwaka huu nakosa gia ya ukubwa wa kifungo cha shati, na juu yake nachekwa!

Nikaenda kwa fundi simu wangu Makoroboi. Huyo hakucheka. Akapekua kopo lake, akatoa gia ya printa mbovu, akatoboa, akapachika. Inazunguka safi. Ila ni nzito, kwa hiyo sasa ndege anapiga mbawa vizuri sana na hapandi, kama bata.

Lakini hasira isinifanye mwongo. Safari ya pili, kabla gia haijafa, tulikuwa ufukweni asubuhi, upepo wa ziwani bado haujaanza. Nilimrusha kwa mkono, akazama kidogo nikadhani ndiyo basi, akashika hewa, akapanda juu ya vichanja vya dagaa. Mwewe akatoka kusikojulikana, akamzunguka mara mbili, akamsogelea mpaka nikafumba macho. Hakumgusa. Watoto wakapiga kelele, mama mmoja akaacha kugeuza dagaa wake akauliza, "Baba, huyo wako anakula nini?" Sijacheka hivyo siku nyingi.

Kwa hiyo nyota tatu. Hapana, mbili, nimemkumbuka yule kijana. Ukinunua, weka mafuta kidogo kwenye gia na usimrushe kwenye upepo. Au usinunue kabisa, sijui, pesa ni yako.

Mwenye kujua gia kama hiyo inapatikana wapi hapa Mwanza aniambie. Dukani kwao sirudi. Jana nilipita tu kwa nje, wamebakiza boksi moja.