Jaribio la mazoezi la A2 Key for Schools: linafaa, ila lisimamiwe

Kwa mwanafunzi wa miaka 11 hadi 14 anayejifunza Kiingereza, jaribio hili la Cambridge, la kiwango cha msingi (A2), ni kipimo kizuri, na linapatikana bure kwenye tovuti yao. Kusoma na Kuandika ni dakika 60, maswali 32. Kusikiliza ni maswali 25, na kila rekodi husikika mara mbili.

Sehemu ya 5 ya Kusoma na Kuandika ndiyo inayochuja. Kuna nafasi 6 zilizo wazi, neno moja kila nafasi, wala hakuna machaguo. Wanaozungumza Kiswahili hujikwaa hapa kwa sababu lugha yetu haina "a" wala "the". Penye "She is ___ engineer", mtoto haoni pengo lolote: kwake sentensi imekamilika! Mwambie asome sentensi nzima kwanza, kisha ajiulize kama nomino imebaki peke yake.

Sehemu ya 7 inataka hadithi ya maneno 35 au zaidi kutokana na picha tatu. Wengi huishiwa muda kabla ya kuifikia, au huisahau picha ya mwisho. Watengee dakika 20 kwa sehemu ya 6 (ujumbe mfupi) na 7.

Udhaifu wake: uandishi haujisahihishi, lazima mwalimu ausome. Kuzungumza nako hufanywa na wanafunzi wawili, kwa hiyo anayejisomea peke yake atapata robo tatu tu ya mtihani. Chapisha karatasi, kwani kwenye simu picha hubana mno.