Jezi ya milia ya Notts County, iliyouzwa kwa jina la Juventus

Jezi hii niliinunua mwezi uliopita kwa muuzaji wa mtandaoni wa hapa Dar es Salaam anayeuza nakala za jezi za zamani, na tangazo lake liliiita "Juve ya kale". Nilipoikunjua mezani, nembo iliyotariziwa kifuani ilikuwa na ndege wawili weusi na weupe, wa jamii ya kunguru, wamesimama juu ya mpira, pamoja na jina la Notts County, klabu ya Nottingham iliyoanzishwa mwaka 1862, miaka 35 kabla ya Juventus ya Italia.

Kosa hilo lina asili yake. Juventus walikuwa wakivaa rangi ya waridi, na mwaka 1903, jezi zao zilipokwisha kupauka kwa kufuliwa, walimwomba mwenzao Mwingereza, John Savage, awatafutie nyingine kwao Uingereza. Zilizofika Turin, mji wa Juventus, zikawa za milia myeusi na myeupe ya Notts County, na Juventus wakaifanya kuwa yao. Fadhila hiyo haikusahauliwa, kwani Juventus walipofungua uwanja wao mpya Septemba 2011 waliwaalika Notts County, wakati huo timu ya daraja la tatu, na mechi ikaisha 1-1.

Kama nguo, sina manung'uniko makubwa. Kitambaa ni pamba nzito yenye mikono mirefu, haifai jua la mchana la Februari lakini jioni inavalika vizuri, na baada ya kufuliwa mara tatu kwa maji baridi weusi haujachuja kwenye weupe. Kasoro iko kwenye mshono wa ubavu wa kushoto, ambapo mlia mweusi wa mbele umekutana na mweupe wa nyuma, ilhali upande wa kulia milia imelingana sawasawa. Saizi nazo ni kubwa mno: mimi huvaa L, na L hii mabega yake yananifika karibu na viwiko. Kinyozi wangu aliponiona nayo aliuliza kama nimehamia TP Mazembe, klabu ya Kongo yenye milia kama hii.

Kilichoniudhi zaidi ni kadi iliyofungwa kwenye ukosi, inayosifu mataji ya Juventus, kana kwamba klabu yenye jezi haina habari ya kusimulia. Hii ni mojawapo ya timu 12 zilizoanzisha ligi ya Uingereza mwaka 1888, na mwaka 1894, ikiwa daraja la pili, ilitwaa Kombe la FA kwa kuifunga Bolton 4-1, Jimmy Logan akipachika matatu peke yake. Mwaka 1947 ilimtoa Tommy Lawton, mshambuliaji wa timu ya taifa, Chelsea na kumpeleka daraja la tatu kwa pauni 20,000, ada ambayo Uingereza ilikuwa haijapata kuiona. Kituko cha mwaka 2009 ndicho ningekiandikia kadi nzima: wamiliki wapya waliahidi fedha nyingi, wakamleta Sven-Göran Eriksson kuwa mkurugenzi wa soka na Sol Campbell kuwa beki, Campbell akacheza mechi moja tu na kuondoka, fedha hazikuonekana, na kabla mwaka haujaisha klabu ikauzwa kwa pauni moja. Ajabu ni kwamba msimu huohuo timu ilichukua ubingwa wa daraja la nne.

Mei 2019 walishuka na kutoka kabisa kwenye ligi waliyoiasisi, baada ya miaka 131. Msimu wa 2022/23 walikusanya pointi 107 katika daraja la tano, lililo nje ya ligi hiyo, Macaulay Langstaff akifunga mabao 42, na bado wakawa wa pili nyuma ya Wrexham, kwa hiyo ikawabidi wapitie mechi za mchujo hadi Wembley, walikoitoa Chesterfield kwa penalti na kurudi kwenye ligi.

Nilimwandikia muuzaji, naye akajibu kwa upole kwamba yuko tayari kunibadilishia kwa "Juve halisi" bila malipo ya ziada. Nilimshukuru, nikakataa, nikamwomba arekebishe tangazo. Hadi leo halijarekebishwa, hivyo anayeitaka jezi hii aitafute kwa jina la Juventus, ahakikishe kuna ndege wawili kifuani, na achukue saizi moja chini ya yake.