Modeli ya mitiririko au ya kasi: ipi ikufae kwa metaboli ya vijidudu?

Ubishi huu haukosi kwenye chai ya saa nne pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi: utumie modeli ipi ya kompyuta kufuata metaboli, yaani kemia inayoendelea ndani ya seli? Modeli ya mitiririko hupima kiasi cha kemikali kinachopita kwenye kila mmenyuko, na huhesabu kama mtu aliyesimama mzunguko wa Globe jijini: matatu zinazoingia ziwe sawa na zinazotoka, basi. Mwendo wa dereva haumhusu.

Kwa gharama, hii inashinda kwa mbali. Modeli ya bakteria E. coli ya 2017, iitwayo iML1515, ina jeni 1,515 na mimenyuko 2,719, na laptopu yangu yenye kioo kilichopasuka huitatua kwa sekunde chache, kabla stima haijapotea.

Ila kwa hamira ilinidanganya. Niliipa sukari tele na oksijeni, ikasema seli zote zitapumua, yaani zitachoma sukari yote kwa oksijeni. Hamira halisi ikishiba sukari hutengeneza pombe hata hewa ikiwepo. Ilibidi niiwekee kikomo cha vimeng'enya, zile protini zinazoharakisha mimenyuko, ndipo ikakubali.

Modeli ya kasi, inayohesabu mwendo wa kila mmenyuko, huona mabadiliko sekunde kwa sekunde, lakini inadai vipimo vya kila kimeng'enya, na vingi vilipimwa kwenye mirija, si ndani ya seli. Matunzo yake nayo ni kazi: badilisha joto tu, uanze kupima upya.

Unafuata hatua kumi za glikolisisi, yaani kuvunjwa kwa sukari ndani ya seli, baada ya kumwaga sukari? Chukua ya kasi. Unataka kujua jeni ipi ikifutwa bakteria atakufa? Mitiririko. Na kama ulichonacho ni jenomu tu (jeni zake zote) ya kijidudu cha Ziwa Magadi, hizo kasi utazitoa wapi?