TAHADHARI: huyu "dokta wa kupunguza mwili" anayezunguka Kisumu, Nakuru na Kakamega, soma kabla hujatuma depositi

Watu wangu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na pande zote huku, kama una mtu anapanga kufanyiwa oparesheni ya kupunguza mwili na ameambiwa atume depositi kwa till ndio awekewe tarehe, mwambie angoje kwanza asome hii. Ni ndefu najua, lakini pesa ni yenu na tumbo ni lenu.

Jina siandiki. Wakili ametuambia tungoje barua ziende kwanza, so msiniulize kwa komenti, sitajibu. Lakini alama zake nawapa zote na mwenye ameshapitia mikononi mwake atajua tunaongea nani kabla hajafika katikati.

Kazi inaanzia Facebook na TikTok. Picha mbili, huku mama mnene, huku mama huyo huyo amevaa gauni la kubana, chini namba ya WhatsApp. Ukiandika unajibiwa na dada mmoja anajiita mratibu, mtamu huyo dada, jameni, kila sentensi mrembo, mrembo. Anakuuliza kilo na urefu basi. Haulizi kama una presha, haulizi sukari, haulizi dawa gani unameza, haulizi kama umewahi kukatwa. Ukimaliza kuandika tu unaambiwa umekubalika. Kuna dada wa Kakamega alimwambia ana kilo 74 na urefu wa mita 1.62. Piga hesabu, chukua kilo ugawe kwa urefu mara urefu, inakuja kama 28. Sasa miongozo ya madaktari wa hii kazi, ile ya 2022, inaanzia 35 kwenda juu, ama kuanzia 30 kama uko na sukari au ugonjwa mwingine wa aina hiyo. Mtu wa 28 anaongeleshwa mambo ya chapati na kutembea, hakatwi. Yeye akaandikiwa "uko sawa kabisa mrembo, ofa inaisha Ijumaa." Ofa! Kwani ni sufuria?

Alafu unaitwa kuonana na dokta, na hapo usitegemee kliniki, ni chumba cha mkutano hotelini, watu wamepanga foleni na bahasha. Dakika chache kwa kila mtu. Wengine walituma elfu thelathini, wengine hamsini, na meseji ya M-Pesa ikirudi unaona till ni ya duka la vipodozi. Ukiuliza unaambiwa ni akaunti ya ofisi. Na hiyo depositi hairudi, hata ukipimwa upatikane na shida ya moyo.

Sasa niwaambie ya sista yangu, mtoto wa mamangu mdogo, juu yeye ndio sababu niko hapa nikiandika usiku.

Alifanyiwa ile wanaita sliivu. Kwa wenye hawajui, wanatoa karibu asilimia 75 mpaka 80 ya mfuko wa chakula, kinachobaki kinakuwa kama mrija, na ile sehemu iliyotolewa hairudishwi, hakuna siku utabadilisha mawazo. Mahali palipokatwa panafungwa na vyuma vidogo vidogo, mstari mrefu kutoka juu mpaka chini. Alifanyiwa mji mwingine, sio hapa Kisumu, kesho yake akaruhusiwa na akarudishwa na shuttle, amekaa masaa kadhaa kwa kiti bila kunyoosha miguu. Hiyo peke yake ni hatari, mtu ametoka thieta damu inaweza kuganda kwa mguu na hilo donge lipande mpaka kwa mapafu, ndio maana hospitali inayojielewa inakuamsha utembee mapema, na wengi wanakupa sindano ya kuzuia damu kuganda. Yeye alipewa dawa ya maumivu kwa bahasha ya kaki, hakuna maandishi.

Siku chache baadaye akaanza kuchemka mwili. Bega la kushoto linauma, moyo unadunda hata akilala. Mamangu mdogo akampigia mratibu. Simu ilishikwa, hapo sitadanganya, na jibu lilikuwa: "Mama usijali, hiyo ni gesi, dokta alijaza hewa tumboni wakati wa oparesheni, mpeeni maji ya vuguvugu atembee tembee." Mmesikia hiyo? Ubaya ni kwamba nusu yake ni ukweli. Wakifanya kwa vile vitundu vidogo wanajaza gesi tumboni kweli, na inaweza kukuuma bega siku moja mbili. Ndio mama akatulia. Lakini gesi haileti homa, na haifanyi moyo upige zaidi ya 120 mtu akiwa amelala. Hizo ni dalili za kuvuja, yaani ule mstari umeachia mahali na vitu vya tumbo vinamwagika ndani. Inatokea hata kwa daktari mzuri, sio mara nyingi lakini inatokea, tofauti ni kwamba mzuri anakuambia kabla, na ukipiga simu anakuambia njoo sasa hivi.

Usiku ule mratibu akaacha kushika. Tiki mbili za bluu, kimya. Tukamkimbiza pale Russia (hospitali ya rufaa ya Jaramogi, kwa wageni). Madaktari wa zamu wakauliza kitu kimoja tu, alifanyiwa nini haswa. Wakataka karatasi ya kuruhusiwa, wakataka maelezo ya oparesheni. Hatuna. Picha ya bango kwa simu, ndio ushahidi wote tulikuwa nao. Ikabidi wapige skani kwanza ndio wajue ndani kuko aje. Walimfungua, wakasafisha, akawekwa mirija, akakaa wodi mpaka watu wa kanisa wakazoea njia. Mungu ni mwema yuko nyumbani saa hii, anakula kidogo kidogo. Bili siwezi kuandika hapa, mamangu mdogo asije akaiona presha yake ikapanda tena.

Nilipoandika kidogo kwa statasi yangu ndio watu wakaanza kuja inboksi. Mwalimu mmoja wa pande za Njoro, naye sliivu, alitapika wiki baada ya wiki na kila akipiga anaambiwa mwili unazoea. Mwishowe anaona vitu viwili viwili, anayumba akitembea mpaka majirani wakaanza kusema amerudia chang'aa. Ni vitamini B1 iliisha. Mwili hauna akiba kubwa ya hiyo, wiki chache tu bila kula vizuri na imekwisha, na ikiisha inagonga ubongo. Alibahatika kupata daktari Nakuru mwenye alishuku haraka akamtundikia B1, na akatueleza kwamba mtu kama huyo akiwekewa dripu ya sukari bila B1 anaweza kuharibika zaidi. Mwalimu anatembea sawa sasa ila kukumbuka vitu bado kunamsumbua. Hakuna siku hata moja aliambiwa habari ya vitamini na hawa watu, na hiyo ni kitu unameza maisha yako yote ukishakatwa, na damu inapimwa kila mara, chuma, B12, zote.

Mwingine picha zake ziko kwa bango mpaka leo. Hakuzitoa yeye. Alipigwa picha asubuhi ya oparesheni akiwa amevaa lile gauni la thieta, na saa hiyo hiyo akapewa fomu asaini kwamba hataongea vibaya kuhusu huduma mahali popote. Mtu amefunga chakula tangu jana, anaogopa, nesi ameshika sindano, atasoma saa ngapi? Kama uko kwa hali hiyo jua kuna sheria ya kulinda data ya 2019, picha ya mwili wako ukiwa mgonjwa haigeuzwi tangazo bila ruhusa yako ya kweli, na malalamiko yanapokelewa na ofisi ya kamishna wa data.

Na wenye hawana pesa ya oparesheni wanauziwa sindano za kupunguza hamu ya kula, zinakuja na basi kutoka Nairobi kwa karatasi ya nailoni. Zile peni halisi kabla hujaanza kutumia zinatakiwa zikae kwa friji, kati ya digrii 2 na 8, sasa hizi zimepigwa na jua kutoka Gilgil mpaka Ahero. Na hapo tunasema kama ni halisi. Juni 2024 shirika la afya duniani, WHO, lilitoa onyo kuhusu semaglutide feki (ndio dawa ya kwa hizo peni) kupatikana nchi kadhaa, na hatari moja waliyotaja ni kwamba ndani inaweza kuwa kitu kingine kabisa kama insulini. Ujidunge insulini na huna sukari, umelala nyumbani peke yako, basi.

Sasa msinielewe vibaya, oparesheni yenyewe sio utapeli. Namjua mama mmoja wa Vihiga alifanyiwa kwingine kabisa, amepungua na dawa za sukari daktari wake amezipunguza, anacheka na kila mtu. Lakini sikiza venye alifanyiwa. Alizungushwa miezi, vipimo vya damu, moyo, kamera ya tumboni, mtu wa lishe, mtu wa kuongea naye mambo ya akili na kula. Kama wiki mbili kabla aliwekwa kwa chakula chepesi ili ini lipungue, juu ini limelalia huo mfuko na likiwa na mafuta linamzuia daktari. Akaambiwa asishike mimba mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu. Na mpaka leo ana tarehe za kurudi. Alikuwa analalamika wanamchelewesha, nilimsikia na masikio yangu. Huyu wetu wa mabango hata mkojo hapimi.

Kwa hivyo kabla hujatoa shilingi, itisha jina kamili la mwenye atashika kisu, sio "Dokta" na jina la kwanza. Ingia tovuti ya KMPDC, lile baraza la kusimamia madaktari Kenya, utafute hilo jina, wana rejista ya madaktari na ya hospitali pia, angalia laiseni ni ya mwaka huu na angalia ameandikwa nini, daktari wa kawaida ama mpasuaji. Sisi jina la kwa bango hatukulipata. Lile lililokuwa kwa fomu ya mwalimu wa Njoro lipo, ila ni la daktari wa kawaida, na hata hatujui kama anajua linatumika. Uliza hospitali gani, alafu piga simu hiyo hospitali mwenyewe uwaulize kama wanamjua na kama wana ICU. Uliza nani anakupa usingizi. Uliza usiku wa tatu nikichemka nampigia nani na anakuja wapi, na hapa ndio watamu wengi hukauka. Na usitoke kitandani bila maelezo ya oparesheni yameandikwa, sheria ya afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa matibabu yako, hatari zake na gharama, kwa lugha unayoelewa.

Pia wanachanganya watu na kutoa mafuta, kwa bango wameandika zote pamoja kana kwamba ni kitu moja. Kufyonza mafuta ni urembo, sio matibabu ya uzito, na sio kitu kidogo, mnakumbuka 2024 Nairobi kuna mama alifariki baada ya hiyo na KMPDC ikafunga kliniki.

Mwenye ameshafanyiwa na hawa na anasoma hii: homa, moyo kukimbia, bega au tumbo kuuma kunazidi, kutapika hakuishi, mguu mmoja kuvimba, kushindwa kupumua, usiandikie mratibu. Nenda kasualti yoyote iliyo karibu uwaambie neno kwa neno "nilikatwa mfuko wa chakula" na tarehe. Matibabu ya dharura huwezi kunyimwa, hata kama huna pesa, iko kwa katiba kifungu cha 43. Usione aibu. Kuna mama wa Migosi alificha hata bwanake, alimwambia ameenda matanga Siaya, na ndio maana alichelewa kupelekwa.

Tunaandika malalamiko kwa KMPDC tukiwa kikundi, mpaka sasa tuko watu wa Kisumu, Kakamega na Nakuru, Eldoret bado hatujapata mtu ingawa tumesikia walikuwa huko. Kama una meseji ya M-Pesa yenye lile jina la duka la vipodozi usiifute, piga skrini shoti, pamoja na chati zote hasa sauti zake, anapenda sana kutuma sauti. Niandikie inboksi, hatutatumia jina lako bila kukuuliza. Na ukiona bango lingine na namba mpya tuma pia, wiki hii wamebadilisha namba na picha ya profaili, mratibu ni yule yule.