Baldur's Gate 3: paladini akivunja kiapo, uzoefu wangu

Kwenye gemu za RPG (unazocheza kama mhusika fulani) mimi karibu kila mara nachukua paladini, yaani mpiganaji mwenye nguvu zinazotokana na kiapo chake, napenda mhusika aliyejifunga kwa kiapo kisha gemu inamjaribu. Na kwa hilo Baldur's Gate 3 ya Larian, ya 2023, ndo bora kuliko zote nilizocheza.

Zamani, mfano Baldur's Gate II ya 2000, sifa yako ikishuka sana ulikuwa unanyang'anywa nguvu za upaladini. Hapa mambo ni tofauti. Kwanza kuna viapo mbalimbali na kila kimoja kina masharti yake, paladini wa kiapo cha Ancients akifufua maiti zimtumikie kiapo kimekwenda, wa kiapo cha Vengeance hatakiwi kumwachia muovu aende zake. Pili, na hapa ndo niliposhikwa, kiapo kikivunjika gemu haikufungii mlango. Ukiwa wa kiapo cha Devotion ukawashambulia wale Tiefling (watu wenye pembe) wawili waliosimama karibu na kizimba alichofungiwa Lae'zel, mpiganaji anayeweza kujiunga nawe, kiapo kinavunjika palepale (wakati kwa maneno tu ungeweza kuwaondoa), halafu ukirudi kambini anakuja jamaa mmoja kavaa deraya nzito, anakuuliza umefanya nini na kwa nini, na yeye mwenyewe aliwahi kuvunja kiapo kwa hiyo hakuhukumu, anakusikiliza kwanza. Ndo unachagua: ufuate njia yake ya Oathbreaker (mvunja kiapo) upate nguvu mpya kabisa kama kuwaamrisha wafu, au urudi ulikotoka.

Sasa kurudi ni kwa dhahabu 1,000, na hapo sikubaliani kabisa. Mwanzoni mwa gemu hizo ni hela nyingi ila mbele huko zinajaa mfukoni, toba inakuwa kama faini ya barabarani. Ningetaka kazi ya kufanya, uwaendee ndugu wa yule uliyemuua, usikie wanachosema. Gemu ya 2000 yenyewe ilikuwa na Anomen, mwenzako wa safari, dada yake kauawa na yeye anataka kuwa knight (askari mwenye cheo cha heshima), akilipiza kisasi anakosa cheo alichokiota, na hakuna dhahabu ya kumrudishia.

Anayeanza, chukua Devotion, na kiapo kikivunjika usikimbilie kuload sevu ya nyuma, nenda kambini uongee na yule jamaa mpaka maneno yamwishe.